Fleti Kongwe au Fleti Kuukuu?

Kiswahili kina maneno mawili ambayo mnunuzi wa nyumba hana budi kuyatofautisha kabla ya kutia mkono mfukoni. Neno la kwanza ni "kongwe". Hutumiwa kwa kitu chenye umri mkubwa kilichodumu na kuheshimiwa, kama vile mti mkongwe, au Mji Mkongwe wa Unguja. Neno la pili ni "kuukuu", nalo hutumiwa kwa kitu kilichotumika hadi kikachakaa, kama vile nguo kuukuu au kiatu kikuukuu. Tofauti ya maneno haya haimo katika hesabu ya miaka, bali imo katika utunzaji. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mtu anayenunua fleti iliyojengwa miaka 40 au 50 iliyopita ili aipangishe, hununua utunzaji huo hasa kuliko kuta. Na utunzaji wenyewe haumo mikononi mwake peke yake. Umo mikononi mwa majirani ambao huenda hajapata kuwaona.

Nimesukumwa kuandika na barua niliyoletewa na mwalimu wa shule ya msingi huko Nanighi, kwenye ukingo wa Mto Tana. Mwalimu huyo ameelezwa kuhusu fleti ya vyumba viwili vya kulala jijini Nairobi, katika jengo lililosimama tangu miaka ya sabini. Bei yake ni shilingi milioni nne na nusu, bei ambayo ni nafuu ikilinganishwa na fleti mpya za mtaa uo huo. Chama chake cha ushirika wa akiba na mikopo kiko tayari kumkopesha milioni tatu. Milioni moja na nusu iliyobaki ni akiba yake ya miaka mingi pamoja na fedha za mifugo aliyouza. Walimu wenzake watano wamekubali kumdhamini. Swali lake ni fupi: je, ni busara?

Mimi ni mwalimu wa isimu. Si wakili wala mwanauchumi, na ushauri wa watu hao hauna badala. Hata hivyo, mikataba huandikwa kwa maneno, na mara nyingi mtu hupoteza mali kwa kutojua neno alilotia sahihi lina maana gani. Hapo ndipo mtu wa taaluma yangu anapoweza kuwa na la kusema.

Kwanza nisieleweke kwamba namcheka mwalimu huyu kwa tamaa yake. Mtumishi wa umma hustaafu akiwa na umri wa miaka 60, na baada ya hapo mshahara hukoma ilhali ada za wajukuu na gharama za matibabu hazikomi. Pango ni pato linalokuja hata mwenyewe akiwa kitandani. Isitoshe, jengo la zamani lina sifa zake. Aghalabu vyumba vyake ni vipana, kuta zake ni nene, na lipo karibu na katikati ya jiji kuliko majengo yanayoibuka leo pembezoni. Wala upya si hakikisho la usalama. Jengo la ghorofa lililoporomoka mtaani Huruma, Nairobi, tarehe 29 Aprili 2016 na kuua watu zaidi ya 50 halikuwa jengo la kale. Lilikuwa la juzi tu, limejengwa kando ya mto bila idhini. Kwa hivyo umri pekee si kosa.

Tatizo linaanza na kauli yenyewe, "kununua nyumba". Katika lugha yetu maneno nyumba, chumba na jumba yametoka katika shina moja, nasi hubadilisha kiambishi tu ili kuonyesha ukubwa au udogo. Anayejenga kwake Nanighi, Hola au Garsen hujenga nyumba, nayo paa, kuta, sakafu na uwanja vyote huwa vyake. Anayenunua fleti hanunui nyumba kwa maana hiyo. Hununua vyumba ndani ya jumba. Paa si lake peke yake, wala ngazi, wala tangi la maji, wala mabomba ya majitaka yanayopita ndani ya ukuta wake kutoka kwa jirani wa juu kwenda kwa jirani wa chini. Vitu hivyo ni vya wote, na kitu cha wote huharibika upesi pasipokuwa na mwenye kuwajibika.

Sheria ya Kenya inalitambua jambo hili. Sheria ya kwanza ya kumiliki sehemu za majengo ilitungwa mwaka 1987. Nafasi yake ikachukuliwa na sheria mpya iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba 2020. Uganda ilitunga yake mwaka 2001, na Tanzania mwaka 2008. Chini ya sheria yetu ya 2020, ramani ya jengo lililogawanywa inaposajiliwa, kila mwenye fleti hupata hatimiliki yake mwenyewe, na papo hapo huzaliwa chombo kinachowakusanya wenye fleti wote. Kazi ya chombo hicho ni kutunza sehemu za pamoja, kulikatia jengo bima na kuanzisha mfuko wa gharama, ambao kila mwenye fleti huuchangia kulingana na fungu lake. Kwa Kiswahili chombo hicho twaweza kukiita shirika, nami sioni neno jingine lililo bora kuliko hilo.

Siku hizi tukisikia "shirika" tunafikiria reli, ndege au bima, yaani taasisi kubwa yenye ofisi na mkurugenzi. Lakini asili ya neno hili ni Kiarabu, na maana ya shina lake ni kugawana kitu na mwenzio. Ndiko tulikopata kushiriki, mshirika na ushirika. Kwa hivyo chama cha ushirika kinachompa mwalimu mkopo na shirika la wenye fleti atakaloingia akinunua ni ndugu wa ukoo mmoja. Katika chama cha ushirika, mwalimu huyu anawajua wenzake kwa majina na tabia, na mikutano ya mwaka anahudhuria. Katika shirika la wenye fleti hamjui hata mmoja. Hata hivyo yuko tayari kutoa fedha zilizopatikana kwa ushirika wa kwanza na kuzitia katika ushirika wa pili asioujua. Huo ndio ukweli wa biashara hii, ijapokuwa tangazo la kuuza halisemi hivyo.

Ili kuona ushirika wa namna hii unavyofaulu na unavyoshindwa, hebu tuitazame nchi iliyotutangulia katika jambo hili. Ujapani ilitunga sheria yake ya kumiliki sehemu za jengo mwaka 1962. Wajapani huiita fleti ya kununuliwa "manshon", neno walilotohoa kutoka kwa Kiingereza, ambako maana yake ni jumba la kifahari. Kumbe hata huko lugha ya soko ilitangulia kukikuza kitu kuliko kilivyo! Lakini nyuma ya neno hilo la majivuno wana utaratibu mkali. Kwa kawaida mwenye fleti hulipa kila mwezi michango miwili, mmoja wa uendeshaji wa jengo na mwingine wa akiba ya ukarabati mkubwa unaofanywa kila baada ya miaka kumi na kitu. Mnunuzi wa fleti ya zamani huuliza kwanza kama jengo lilipitishwa kabla au baada ya tarehe 1 Juni 1981, siku ambayo kanuni mpya za kuyakinga majengo dhidi ya zilzala zilianza kutumika. Tetemeko la Kobe la tarehe 17 Januari 1995 liliua watu zaidi ya 6,000, na majengo ya kabla ya kanuni hizo ndiyo yaliyodhurika zaidi. Baada ya hapo huuliza mfuko wa ukarabati una kiasi gani. Katika hesabu za kodi, jengo la makazi la saruji iliyotiwa nondo hupewa umri wa miaka 47, yaani Wajapani hawajidanganyi kwamba kuta hupanda thamani kwa kuzeeka.

Hata kwa utaratibu huo, maafikiano yakikosekana jengo hufa. Mwaka 1972 mjini Tokyo lilijengwa jengo mashuhuri liitwalo Nakagin Capsule Tower, kazi ya msanifu Kisho Kurokawa. Lilikuwa na vyumba 140 vilivyofungwa kwenye minara miwili, kila chumba kama sanduku. Nia ya msanifu ilikuwa vyumba hivyo vibadilishwe kila baada ya miaka 25 au karibu na hapo, ili jengo lijifanye upya daima. Hakuna hata chumba kimoja kilichobadilishwa. Wenye vyumba walivutana miaka na miaka, wengine wakitaka kukarabati, wengine wakitaka kuuza. Maji yakavuja, mabomba yakaharibika, na mwaka 2022 jengo likabomolewa. Wataalamu walikuwapo, na nchi yenyewe ni tajiri. Kilichokosekana ni kauli moja.

Sisi hatuna zilzala za kiasi hicho, lakini tunaye adui wetu, naye ni maji. Maji huvuja kutoka kwenye paa, huingia katika ufa mdogo, hufika kwenye nondo na kuzitia kutu, na nondo zikishapata kutu huvimba na kuipasua saruji kutoka ndani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, nao hawakuwa wahandisi. Kule Unguja, jumba la Beit al-Ajaib lililojengwa mwaka 1883 lilikuwa kongwe kwa kila maana ya neno. Baada ya miaka mingi ya kuchakaa, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu, hali kazi ya ukarabati ikiwa imekwisha anza. Ikiwa jumba la fahari kama hilo laweza kuhama kutoka ukongwe hadi ukuukuu, seuze fleti ambayo paa lake kila mmoja anamngojea mwenziwe alizibe?

Suala la pili ni ardhi, na hapa watu wa Mto Tana wana elimu ambayo watu wa mjini wameisahau. Wafugaji wa Kisomali wa upande wa Nanighi wanaijua nyumba iitwayo aqal, ambayo wanawake huijenga kwa fito na mikeka. Malisho yakiisha, nyumba hufunguliwa, ikapakiwa juu ya ngamia na kuhamishwa. Wakulima wa kando ya mto nao wanajua kwamba Tana hubadili mkondo na kufurika, kama ilivyofurika wakati wa El Niño ya 1997 na tena mwishoni mwa mwaka 2023, na kwamba kijiji hakina budi kuhama. Kwao nyumba ni jambo moja na ardhi ni jambo jingine. Mombasa, katika mitaa kama Majengo, kuna desturi ya miaka mingi iitwayo nyumba bila ardhi, ambapo mtu humiliki kuta na paa huku akimlipa mwingine kodi ya kiwanja. Mwenye nyumba ya namna hiyo analala akijua kwamba kiwanja si chake.

Mwenye fleti jijini naye yumo katika hali inayokaribiana na hiyo, ila hajui. Viwanja vingi vya Nairobi hushikiliwa kwa mkataba wa miaka, aghalabu miaka 99 inayohesabiwa tangu siku kiwanja kilipotolewa, wala si tangu siku fleti iliponunuliwa. Kiwanja kilichotolewa mwaka 1955 kwa miaka 99 mkataba wake utaisha 2054, hata kama ghorofa lilijengwa 1975. Sheria ya 1987 ilitaka mkataba uwe umebakiza miaka isiyopungua 45 ndipo jengo ligawanywe kwa hatimiliki. Sheria ya 2020 imeipunguza hadi 21. Ni kweli kwamba Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa raia wa Kenya aliyekuwa akishikilia ardhi nafasi ya kwanza mkataba unapoisha, mradi serikali haiihitaji kwa manufaa ya umma. Lakini nafasi ya kwanza si sawa na umiliki, na ghorofa halipakiwi juu ya ngamia.

Sasa tupige hesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue kwamba fleti hii ya milioni 4.5 itapangishwa kwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Muuzaji atasema pato ni 360,000 kwa mwaka, yaani asilimia 8 ya bei, na kwa hakika hesabu hiyo si ya uongo. Ila tuseme fleti inakaa tupu mwezi mmoja tu katika mwaka, zinabaki 330,000. Kodi ya pango ya asilimia 7.5, kiwango kilichoanza Januari 2024 badala ya asilimia 10, hutozwa kabla ya gharama kutolewa, nayo ni 24,750. Mchango wa utunzaji wa jengo, tuseme 5,000 kwa mwezi, ni 60,000. Mwalimu yuko Nanighi, hivyo atahitaji wakala wa kukusanya pango, naye akichukua asilimia 8 ni 26,400. Mfereji, rangi na kufuli tuvitengee 40,000. Kinachobaki ni 178,850, ambacho hakifiki asilimia 4 ya bei. Sijataja ada ya ardhi, wala ushuru wa stempu wa asilimia 4 unaotozwa mijini, ambao peke yake ni 180,000, yaani faida yote ya mwaka wa kwanza na zaidi kidogo.

Na mkopo? Milioni tatu kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka ina maana kwamba riba pekee ya mwaka wa kwanza itakaribia 350,000, kabla ya kurudisha mtaji. Pango halitalipa deni. Mshahara ndio utakaolipa. Mshahara ukipatwa na jambo, ugonjwa au msiba, watakaolipa ni wale wadhamini watano, kwa kuwa akiba zao ndizo zilizowekwa dhamana. Hivyo mkataba utakaotiwa sahihi Nairobi unagusa nyumba sita za walimu huko Nanighi, na watano kati yao hawajaonyeshwa hata ramani ya jengo.

Najua jibu nitakalopewa: ardhi haishuki bei, subira yavuta heri, fleti itauzwa siku moja kwa bei mara mbili. Huenda. Bei ya ardhi ya Nairobi imewatajirisha wengi. Lakini mwenye fleti hana ardhi. Ana fungu la ardhi, pamoja na wenziwe, na hawezi kulitumia fungu hilo bila wao. Thamani ya kiwanja kilicho chini ya ghorofa kuukuu hupatikana kwa njia mbili tu: jengo litunzwe ili wapangaji wasihame, au wenye fleti wakubaliane kulibomoa na kujenga upya. Njia zote mbili hupitia mlango mmoja, nao ni shirika.

Kwa hivyo, jibu langu kwa mwalimu, na kwa yeyote mwenye akiba na ndoto kama yake, ni kwamba asiulize kwanza bei. Aombe kumbukumbu za mikutano ya wenye fleti ya miaka mitatu iliyopita, asome walizozania nini na waliamua nini. Aulize mfuko wa ukarabati una shilingi ngapi benki, na ni fleti ngapi zinadaiwa michango. Aulize paa lilitengenezwa lini mara ya mwisho, na mabomba yalibadilishwa lini. Atafute kwenye masjala ya ardhi kama jengo limesajiliwa chini ya sheria ya 2020 au bado liko katika mikataba midogo ya zamani, ambayo sheria hiyo ilitaka ilinganishwe nayo, na mkataba wa kiwanja umebakiza miaka mingapi. Amlipe mhandisi aliyesajiliwa apande hadi paani na ashuke hadi kwenye msingi. Gharama ya mhandisi ni ndogo kuliko mwezi mmoja wa majuto. Iwapo majibu ni mazuri, fleti hiyo ni kongwe, na huenda ikawafaa hata wajukuu. Iwapo hakuna kumbukumbu, hakuna mfuko na hakuna anayejua paa ni la nani, hiyo ni fleti kuukuu, na unafuu wa bei yake ni bei ya ukarabati ambao wengine wameukwepa. Rahisi ghali.

Lipo jambo moja linalotuhusu sisi walimu na wanafunzi wa lugha. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo mikataba ya kuuza fleti, kanuni za mashirika ya wenye fleti na sheria yenyewe ya 2020 huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, ambacho hata mwenye shahada hukisoma mara tatu. Tunawafundisha wanafunzi wetu ngeli, ufahamu na fasihi, nalo ni jambo jema. Lakini mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kumaliza masomo bila kuwahi kusoma mkataba wa kupanga chumba, seuze wa kukinunua. Napendekeza mambo mawili. Kwanza, sheria zinazogusa makazi ya watu zitolewe kwa Kiswahili sanifu, na muuzaji alazimike kumpa mnunuzi mkataba katika lugha anayoielewa. Pili, walimu wa Kiswahili waingize mikataba halisi katika vipindi vya ufahamu, ili mtoto ajue tofauti ya kumiliki na kushiriki kabla hajapata mshahara wa kwanza. Akiba ya mwalimu hukusanywa shilingi kwa shilingi kwa miaka 20. Si haki iondoke kwa sahihi moja chini ya neno ambalo hakuna aliyemfafanulia.